Nakala ya Sita

Walikuja na mvua ya Aprili, wanaume watano na mkoba mmoja,
wakapanga vyumba kando ya Mto Themi:
serikali mpya ya nchi ambayo redio
ilikuwa bado haijaamua iiitaje.
Bwana Vithaldas akaniazima kwao, kama mtu anavyoazima jembe:
mimi, taipu ya Olimpia, ribiti mbili,
na kaboni za nakala sita.

"Andika," akasema Waziri wa Ardhi,
asiye na ardhi bado.
Nikaandika.
Ardhi kwa anayeilima.
Zahanati kila mwendo wa saa mbili kwa miguu.
Mkulima asikatwe zaidi ya kumi katika mia.
Nilizipiga herufi zile kwa moyo, sifichi.
Baba yangu ana mistari minne ya kahawa kule Poli
na kesi ya mpaka inayomzidi mdogo wangu umri.
Nikawaza: kumbe yanaandikika.

Siku ya pili Kanali akaja na kalamu nyekundu.
Hakufuta kitu. Hapo ndipo nilipomwogopa.
Mbele ya kila kifungu aliongeza maneno manne tu:
Baada ya mkomunisti kumalizwa.
Baada ya mkomunisti kumalizwa, ardhi kwa anayeilima.
Baada ya mkomunisti kumalizwa, zahanati.
Hata vyoo vya shule, kifungu cha kumi na tisa,
vikaambiwa visubiri mtu afe kwanza.

Nikaanza upya, kurasa arobaini na moja.
Umeme ukakatika, tukawasha kandili.
Nyumbani mama akanisogezea loshoro, akanitazama vidole:
"Mwanangu, unaandika au unachoma mkaa?"

Nilimuuliza katibu wao, Mazimba,
aliyewahi kuwa mwalimu na bado alikunja mikono ya shati kama wa chaki:
Yukoje huyo mkomunisti?
Akachungulia mlangoni kabla ya kujibu.
"Kijijini kwetu alikuwa mtu mwenye mbuzi wawili
aliyeuliza wa tatu kaenda wapi.
Siku hizi sijui. Mbuzi wamekwisha."

Jumamosi Loishiye, mhudumu, akaleta hesabu ya chai ya siku tisa,
nami nikataja, kwa adabu, malipo ya saa za usiku.
Kanali akapiga meza: "Kumbe hata hapa mnao!"
Wakacheka wote.
Waziri wa Ardhi alicheka wa mwisho, kidogo,
kama mtu anayekohoa kanisani.

Sasa niseme nililolifanya.
Nakala ya kwanza ilikuwa ya Kanali, ya pili ya wafadhili,
ya tatu, ya nne na ya tano sikuambiwa.
Ya sita, ya chini kabisa, imeandikwa pembeni: ya wananchi.
Kila nilipofika kwenye yale maneno manne
nililegeza vidole.
Niliyagusa tu, kama unavyogusa paji la mtoto aliyelala.
Juu yalionekana, yametimia.
Chini, kwenye karatasi ya sita, hayakufika.
Ilifika ardhi. Ilifika zahanati.
Kila kifungu kilianza na weupe kidogo, kisha ahadi.

Wakaondoka alfajiri, hesabu ya chai ikabaki kwenye sahani.

Mwezi wa nane, nikiwa kwenye foleni ya sukari,
redio ya dukani ikasema wakulima wa wilaya fulani huko
wameingia mashambani wakiwa na karatasi mkononi.
Ikasema: wakomunisti.
Ikataja idadi.
Mtu nyuma yangu akaniambia nisogee, foleni inakwenda.

Sijui kama ilikuwa karatasi yangu.
Nimejiuliza hivyo mara nyingi kuliko nilivyosali.

Jana baba ameteremka kutoka Poli, viatu vimejaa tope jekundu,
anataka barua ya kesi, nakala mbili.
Nimeipiga kwa nguvu, kila neno sawa na mwenzake,
hadi kila herufi O ikatoboka
na mwanga wa dirishani ukapita.